Siku mkanda wa depot yetu ulipopakwa mafuta ya upako

Wakuu, salamu kutoka Embu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mgongo wangu ni shahidi. Anayetaka hekaya atafute uzi mwingine.

Mimi ni loader kwa depot fulani ya wholesale hapa town. Lori inaleta unga, sukari na sabuni, sisi tunapandisha stoo ya gorofani, kisha pickup zinasambaza kwa maduka mpaka Kianjokoma na Kibugu.

Tulikuwa sita.

Bosi akaenda Nairobi, akarudi kama mtu ameokoka upya. Alikuwa ameona conveyor. Kwa wale hawajabahatika, ni mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na mota. Mzigo unawekwa chini, unapokewa juu.

Akatutangazia kwamba ikishafungwa atabaki na loader wawili, kwa sababu teknolojia ni baraka. Baraka kweli. Hata usingizi ulitutoka kwa furaha.

Fundi akaja, akaifunga, akaijaribu. Bale ya unga, lile furushi zima la pakiti, ikapanda bila shida. Ingeishia hapo, singekuwa na uzi.

Lakini huku kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila maombi. Gari, posho mill, hata ng'ombe wa gredi. Na bosi ni mzee wa kanisa. Fundi alipoondoka tu, mchungaji akaletwa na chupa ya upako.

Alianza na tone moja kwa mota. Halafu maombi yakapamba moto, akamimina kwa mkanda wote, juu na chini, akikemea umaskini. Tukasema amina. Wewe ungesema nini?

Swichi ikawashwa. Bale ya kwanza ikapanda kidogo, ikafikiria, ikarudi chini pole pole. Ya pili hivyo hivyo.

Mutwiri, rafiki yangu wa Ruiri kule Meru, anayebeba bale mbili huku akipiga story, akacheka. Bosi akaamua papo hapo kwamba kuna loader ameenda kwa mganga kufunga mashine, na ushahidi ni hicho kicheko.

Mutwiri akafutwa. Ana watoto shuleni. Iliniuma sana.

Sisi tukaendelea kupandisha kwa mgongo, kando ya baraka, mpaka fundi akarudi. Akapitisha kidole kwa mkanda, akanusa.

"Nani alimwaga mafuta hapa?"

Bosi akakohoa. "Hiyo si mafuta. Ni upako."

"Mzee, mpira lazima ukauke ndio ushike mzigo. Upako mngeweka kwa mlango."

Akausugua kwa maji moto na sabuni, ile ile tunayouza. Mizigo ikapanda.

Mnadhani bosi alimpigia Mutwiri simu? Alitoa ushuhuda kanisani vile adui ameshindwa. Kisha akabakisha wawili. Mimi ni mmoja, nasimama juu napokea. Mutwiri anachimba viazi za watu huko Ruiri.

Funzo ni kwamba mashine haina dini, lakini mwenye mashine anayo. Usicheke kabla ya amina.

Sasa bosi anafungua branch Meru, na mkanda wa pili uko njiani. Ameniomba nipange maombi. Nimekubali kwa moyo mweupe, na mafuta nitanunua mimi. Mutwiri amejitolea kubeba mtungi.

Wakuu, wenye ujuzi shukeni hapo chini: ni mafuta gani hayatoki na sabuni?