Uso Uliotoka kwa Maneno ya Mama

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alifariki, na picha yake iliyoonyesha uso vizuri ilikuwa moja tu: ya kitambulisho cha kazi, ndogo kama stempu. Mama alikuwa katika eda nyumbani Tononoka, hatoki wala hakutani na mwanamume asiye maharimu wake. Alitaka picha ile ikuzwe. Basi mimi bintiye, niliyekuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, nikawa ndiye wa kwenda Mji wa Kale kwa mzee aliyeipiga. Filamu, ya nyeusi na nyeupe, bado alikuwa nayo.

"Alikuwa mweupe au maji ya kunde?" mzee aliniuliza.

"Si waiona kwenye filamu?"

"Filamu haijui rangi ya mtu, msomi. Yaijua taa niliyoiwasha siku ile."

Sikukubali. Niliamini kamera imeona ilichoona, na kinachoongezwa baadaye ni uongo. Nikamwambia aitoe ilivyo, asiguse kitu. Akafanya nilivyotaka.

Mama aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu. "Huyu ni nani?"

"Baba."

"Babako hakuwa na hasira hivi. Mwambie amkunjue hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake mwenyewe. "Na jicho la kushoto lina kiza. Yeye akicheka, akichekea jicho hilo."

Nilirudi kwa mzee na maneno ya Mama. Safari hii niliomba kuona anavyofanya. Mkewe akaingia nasi katika chumba cha giza kwa ajili ya heshima, akakaa kwenye kigoda chini ya taa nyekundu. Mzee alipitisha vidole juu ya karatasi, ndani ya mwanga wa mashine ya kukuzia picha, kama anayemfukuzia mtoto nzi. Palipozuiliwa mwanga ndipo palipotoka peupe. Shavu, alilotaka liive rangi, aliliachia mwanga zaidi. Nikauliza kwa nini mambo yaende kinyume hivyo. Nikauliza pia atajuaje pa kuacha.

"Mwache afanye kazi," mkewe alisema. "Maswali nayo yaunguza karatasi."

"Baba ulimjua?" nikamuuliza mzee.

"Alikaa kwenye kiti changu dakika tano. Namjua kwa maneno ya mamako."

Ndani ya beseni la dawa uso ukaja polepole, nyusi zimekunjuka, jicho lina uhai. Nilishtuka, kisha sikujua nimeshtuka kwa kumtambua au kwa kutomtambua.

Mama alipoiona alivuta ncha ya leso, akajifuta macho. Nikadhani tumemaliza.

"Ndiye," alisema. Halafu sauti ikapungua. "Au nimemtaka mno? Wewe wamwonaje?"

Nilijaribu kumkumbuka baba mezani, akimenya chungwa. Mikono niliiona. Juu ya mikono ukaja uso wa picha ya kwanza, ukaondoka, ukaja wa pili. Nilitafuta wa tatu, ule usiopitia kwa mtu yeyote, haukuja. Mama alikuwa akinitazama mdomoni.

Nikamwambia ndiye.