Redio ya Mama Mkwe

Mie nina mdomo. Kwa vile kazini nashika nyaya za umeme, nilikwisha jigamba kwa wakwe zangu wa Temeke kwamba redio hainishindi. Juzi, baada ya adhuhuri, mama mkwe akaniita. Redio yao ya betri, iliyoletwa asubuhi hiyo hiyo, ilikuwa inakoroma tu haisemi, na jioni amewaalika majirani waje kusikiliza taarabu.

Nikaifungua mgongo. Nikang'oa zile taa zake za kioo za ndani, nikazipangusa, nikakata waya niliouona na hatia na kuuchomelea upya kwa chuma nilichokipasha kwenye jiko la mkaa. Mkoromo ule ule. Nikakata mwingine, na mkoromo nao ukazima.

"Imeungua ndani kwa ndani, mama," nikatamka kama daktari, wageni wamekwisha jaa mkekani.

Mara kwenye redio ya nyumba ya pili mtangazaji akasalimu, vikafuata udi na fidla. Kumbe mchana kutwa kituo cha matangazo kilikuwa hakijafunguliwa, maana hufunguliwa jioni tu! Nalijua hilo siku zote. Sifa ndizo zilizonisahaulisha.

Mama mkwe akatazama vipande vya redio yake mapajani mwangu.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "na hiyo ya jirani, nani kaitengeneza?"