Namba Nyuma ya Mlango

Waasi walipoingia Goma umeme ulikatika, na boti za bandari ya Kituku zikaacha kuondoka. Tulibaki mtaani kwetu Murara ndani ya nyumba yetu ya mbao: mama, baba na mimi. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa amepanda boti siku moja kabla, na mtoto wake mchanga, kwenda Bukavu. Hatukujua kama walifika.

Simu ya baba ilikuwa imeshazima. Ya mama ilibaki na chaji kidogo, naye akaweka sheria: inawashwa saa sita mchana tu, dakika tano, halafu inazimwa. Ndiyo saa yaya aliyozoea kutupigia. Mimi nilipewa kuitunza, kwa kuwa ni mwangalifu.

Sasa niseme nilichofanya. Ndani ya simu kulikuwa na makala niliyoipakua mtandao ukiwa bado upo. Shule niliiacha mapema. Kidogo ninachojua kuhusu mashine na falsafa nimekiokota hivyo. Makala hiyo ilisema akili haiishii kwenye fuvu: daftari, kalamu, simu, vyote ni vipande vyake vilivyowekwa nje. Niliogopa kuipoteza, nikaanza kuinakili kwenye karatasi, simu ikiwa imewashwa. Kila nilipokosea herufi nilichana ukurasa na kuanza upya, nimejifungia chumbani, huku risasi zikilia upande wa Katindo. Nilifanya hivyo asubuhi tatu.

Siku mbili za kwanza yaya hakupatikana. Siku ya tatu, saa sita, mama aliwasha simu. Ikaonyesha alama nyekundu ya betri, ikazima.

Jirani alikubali kutuazima yake. Mama akaniuliza namba ya yaya. Sikuijua, baba hakuijua, hata yeye mwenyewe hakuijua. Kipande cha akili yetu kilikuwa kimezimika mkononi mwake, na aliyekimaliza ni mimi.

Baba akakumbuka mlango. Miaka ya nyuma, mlima ulipolipuka, tulitawanyika tukapotezana, na tuliporudi alichonga namba za wote kwa msumari kwenye mbao za nyuma ya mlango. Akaufunga ili asome. Mbao zilikuwa nyeupe tupu. Nilikuwa nimezipaka rangi mara tatu, maana tarakimu zake zilipinda na zilininyima usingizi.

“Ulitaka nyumba ikuwe hoteli?” aliniuliza.

Nikapiga magoti nikakwangua kwa wembe. Tarakimu za namba ya yaya zilirudi moja moja, ila ya mwisho niliikwangua kwa haraka mno, ikang'oka na kibanzi cha ubao. Mama akajaribu sifuri, akamwomba radhi muzee asiyemjua aliyepokea. Akajaribu moja, mbili, tatu. Alipofika nne tulisikia mtoto analia, kisha sauti ya yaya.

“Saa sita nilipiga, nikapiga tena. Mbona mulizima simu?”

Mama alinitazama pale chini, wembe mkononi.

“Umeme haikuwako, mutoto wangu.”

Jioni mama alitaka karatasi za kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Hakuniuliza. Aliingia chumbani kwangu, akainama, akazitoa kurasa zilizochanwa chini ya kitanda.