Tatu ya Shangazi

Shangazi yangu alilazwa kwenye wodi ninayofanya kazi ya unesi hapa Bukoba wakati tukiwa katikati ya utafiti wa maumivu. Alikuwa dada wa baba, mkulima wa Ijumbi kule Muleba, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Saratani ilianzia kwenye titi, ikaachwa mpaka ikaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Alipofika kwetu alikuwa hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu. Mwalimu mmoja wa uuguzi alikuja kutufundisha kwamba maumivu yapimwe kama tunavyopima homa. Kila zamu, kila mgonjwa aulizwe: kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ikiwa huna maumivu kabisa na kumi ikiwa huwezi kuvumilia tena, uko wapi? Jibu liandikwe kwenye faili, na dawa itolewe kulingana na jibu hilo. Niliupenda utafiti ule. Nilikuwa nimechoka kuona mtu analia huku faili lake linasema anaendelea vizuri. Nikaamini kwamba tukiwa na namba mkononi, hakuna daktari atakayebisha.

Nilipomuuliza shangazi mara ya kwanza, alisema nane. Aliitamka kwa sauti yake ya kawaida, mikono ameilaza juu ya shuka. Nikaandika, nikamwita daktari wa wodi. Alimtazama akiwa amesimama mlangoni, akaniambia kuwa mwenye nane halali kimya namna ile, akaagiza panado. Nikaomba mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa, ambayo tulikuwa nayo kwenye kabati la kufunga na ufunguo. Akasema mofini haitolewi ovyo, mgonjwa ataizoea. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameandika kwamba mgonjwa huyo hatapona.

Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa amevunjika mguu, alipiga kelele mpaka akachomwa sindano. Shangazi hakujua kupiga kelele. Alizaa watoto wake wote bila majirani kusikia, na kwao hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Baada ya siku chache wenzangu wakaanza kunipongeza. Namba za shangazi zilikuwa zinashuka: tano, nne, tatu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, na nilikuwa naona anavyoing'ata kona ya shuka nikimgeuza. Asubuhi moja nikamuuliza kwa Kihaya, taratibu, kwa nini anawaambia wenzangu tatu.

"Nikisema nane mnaandika, mnaondoka," alinijibu. "Nikisema tatu mnaandika, mnaondoka. Ila nikisema nane, yule daktari ananitazama kama mwongo."

Sikurudi kwa yule daktari. Nilimfuata mwenzake, mwanamke aliyekuwa akisimamia wodi ya jirani, nikamsimulia yote. Alikuja, akakaa pembeni ya kitanda, akamgusa mgongo, akaandika mofini. Mchana huohuo shangazi alilala usingizi wa kweli. Alipoamka aliomba ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akauliza ni nani anayemchumia kahawa. Niliingia kwenye chumba cha kuoshea vyombo nikalia, na haikuwa furaha. Muda wote ule dawa ilikuwa kwenye kabati letu, upande wa pili wa ukuta.

Akaruhusiwa kwenda nyumbani na chupa yake ya mofini. Nilimwonyesha binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, namna ya kupima dozi na saa za kumpa. Akaitikia kila nilichosema.

Wiki hiyo tukaitwa ukumbini kusikiliza matokeo. Mwalimu alituonyesha mchoro ukutani: mstari wa maumivu ulikuwa umeshuka vizuri tangu tulipoanza kuuliza. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikasema kwamba wapo wagonjwa walioshusha namba kwa sababu walichoka kuulizwa bila kupewa kitu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema hoja hiyo ni nzuri na ingefaa utafiti mwingine. Kisha tukakaribishwa chai.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi mpaka Muleba, nikamalizia kwa bodaboda. Shangazi alikuwa amelala ameelekea ukutani, nguo imelowa jasho. Chupa ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa.

Binamu yangu hakutafuta maneno. "Dada, hiyo ni dawa ya kumalizia watu," alisema. "Nimeuliza. Na mama ni mtu wa sala, anavumilia."

"Umemuuliza yeye?"

Nikainama kitandani, nikamwambia shangazi, mbele ya mwanawe, kwamba dawa ipo, kwamba haitamponya wala haitamuua, itapunguza maumivu tu. Nikamuuliza kama anaitaka.

"Nipe," alisema.

Nikampa. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa naye, nikimpa kwa saa zake. Alirudi kuwa mtu. Alitueleza ni migomba ipi ikatwe, akamlaumu binamu kwa kuacha kibanja, shamba la nyumbani, kiote majani, akacheka kidogo. Siku zile zilikuwa chache. Alifariki mchana, mkono wake ukiwa kwenye wangu, uso umetulia namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

Kabla kaburi halijachimbwa maneno yalikuwa yameshazunguka kwamba nesi kutoka mjini ndiye aliyemmalizia. Hakuna aliyeniambia usoni. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walibadili mazungumzo nilipokaa nao. Makaburini, mwanaukoo mmoja alisimama akamsifu marehemu kwamba aliteseka bila kulalamika, awe mfano kwa vijana. Watu wakaitikia. Nilitaka kusema kwamba alilalamika, tena waziwazi, mara tu alipoulizwa kwa mara ya kwanza. Nikaangalia udongo.

Niliondoka kabla ya chakula. Siku hizi nikikutana na binamu yangu sokoni Bukoba, anavuka barabara.