Mshale Uko Sawa, Papa

Juzi mchana nilikuwa kwenye foleni ya malori pale Malaba, karatasi za mizigo mkononi, miguu imevimba ndani ya viatu, nikapata harufu niliyoitambua kabla hata sijageuza kichwa. Maji ya rejeta yaliyochemka yana harufu yake: kutu, mpira mkuukuu, na kitu kitamutamu kinachokwama kooni. Dereva mmoja wa lori, mtu wa makamo mwenye macho mekundu, alikuwa amefungua boneti na mvuke ulikuwa unampanda usoni. Kazi yangu mimi ni kuwajazia madereva karatasi za mpakani, injini zao hazinihusu. Lakini nilijikuta nimeketi juu ya jiwe kando ya barabara, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha kwa Papa, na nikishafika kwa Papa huwa sina nguvu ya kusimama.

Papa ndivyo tulivyomwita baba, kama Wateso wengi wa kwetu Moding. Alikuwa na gari la zamani, la zamani hata kwa miaka ile, lenye pua pana na mkia mrefu wa kubebea mizigo. Alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kwa kuwa lilitoka kwa padri, na Papa hakutaka gari lake libaki na cheo kidogo, tuliliita Askofu. Majirani nao walilisalimu kwa jina hilo, wengine wakivua kofia kwa mzaha.

Kila Jumamosi alfajiri Papa na mimi tulienda Busia kuchukua marobota ya mitumba, tukayaleta Malaba, ambako Mama alikuwa na kibanda sokoni. Nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa moja tu. Geji ya joto la injini ilikuwa upande wangu wa dashibodi, kioo kidogo cha duara chenye mshale mweupe, alama nyekundu mwishoni, na chini yake kitaa ambacho kingewaka iwapo injini ingechemka. Papa alisema macho yake ni ya barabara, mshale ni wa macho yangu. Niliuangalia kwa bidii ambayo sikuwahi kuipa hesabu za shule.

"Mshale uko wapi, Amoit?" alikuwa akiniuliza kila baada ya kitambo.

"Uko katikati, Papa."

"Ukiwa katikati ni sawa."

Lakini wakati wa kurudi, tukiwa na mzigo, tulipofika kwenye mwinuko mmoja mrefu wenye mikaratusi, Papa alipunguza mwendo, akatoka barabarani na kusema, "Askofu anachemka." Kila Jumamosi, mahali pale pale. Alifungua boneti, akaiegemeza kwa kijiti, halafu akaketi kwenye nyasi upande usioonekana na wapita njia, mgongo kwenye gurudumu, amefumba macho. Tulikaa hapo nusu saa, wakati mwingine zaidi. Mimi nilitafuna muwa na kuwatazama siafu. Mvuke sikuuona hata siku moja. Na kabla ya kuondoka Papa alifungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu, akachungulia maji, akakirudisha bila kuungua.

Siku moja nilimwambia, "Papa, mshale haujapanda."

"Geji za zamani husahau, mama," alinijibu, naye alipenda kuniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaridhika, maana hata nyanya yangu alikuwa anasahau.

Aliyekuwa haridhiki ni Mama. Wanawake wanaonunua mitumba ya kwenda kuuza vijijini hufika sokoni mapema, hupekua robota likiwa linafunguliwa, huondoka. Sisi tulifika wakati wao wameshajaza mifuko yao kwingine. Mama alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni. "Huyu Askofu wako anatubatiza na maji moto kila wiki," alisema. "Aidha atibiwe ama auzwe." Papa akasema gari ni zee, lina haki ya kuchemka. Mama hakutaka kusikia. Jumamosi iliyofuata alifunga kibanda, akapanda Askofu nyuma, mkoba mapajani, akaamuru tupitie kwa Fundi Salim.

Fundi Salim alikuwa na gereji Busia, nyuma ya maduka ya vitambaa. Kofia yake nyeupe haikuwahi kuguswa na mafuta, jambo lililonishangaza sana, kwa sababu mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Mafundi wengine walianza kwa kufungua nati. Yeye alianza kwa maswali. Inachemka ikiwa na mzigo au bila? Kwenye foleni au kwenye mwendo? Maji yanapungua? Papa alijibu kwa mkato, akitazama barabarani.

Maji yalikuwa yamejaa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Mipira ya rejeta aliibonyeza mmoja mmoja kama mama anayechagua parachichi, akatikisa kichwa. Kisha akafungua mahali panapokaa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto lake, akachungulia na kucheka.

"Hapa hakuna kitu, mzee. Walitoa kitambo. Huku kila fundi anatoa, anasema hii ni ya nchi za baridi. Lakini sikia, gari bila hiyo, hata kupata joto ni shida. Ichemke aje kwenye mwendo?"

"Labda geji imeharibika," Papa alisema.

"Basi tuulize geji."

Aliomba sufuria ya maji yanayotokota kwa mama wa chai aliyekuwa jirani. Akachomoa kwenye injini kile kipande cha shaba kinachopima joto, akakiunganisha kwa waya mrefu, akaniambia niingie ndani ya gari nikae mahali pangu. Akakitumbukiza kwenye maji.

"Mshale uko wapi, dada?"

"Unapanda!" nilipiga kelele. "Umepita katikati! Umefika nyekundu! Taa imewaka!"

"Geji ni nzima, taa ni nzima," Fundi Salim alisema, akipangusa mikono. Halafu akainama kwenye dirisha langu, akitabasamu. "Sasa wewe ndiye mwenye kuangalia. Njiani, hii taa imewahi kuwaka?"

Ninyi mnaonisoma, mliwahi kuwa watoto. Mnajua raha ya kuulizwa na mtu mzima swali ambalo ninyi peke yenu mnalijua jibu. Nilijiweka wima kwenye kiti.

"Haijawahi," nilisema kwa sauti. "Na mshale haujawahi kupita katikati hata siku moja."

Mama akamgeukia Papa taratibu. "Kumbe. Sasa huwa unasimama kufanya nini?"

Papa alikuwa anafuta mikono yake, ambayo haikuwa na mafuta. "Uvivu tu," alisema. "Huwa naskia uvivu."

Mama alisema neno kuhusu wanawake wanaochoma mahindi kando ya barabara, na hakulisema kwa kunong'ona. Fundi Salim akazama kuangalia sufuria. Nilingoja Papa akatae, kwa sababu mimi nilijua pale kwenye mikaratusi hapakuwa na mwanamke wala mahindi, palikuwa na siafu tu. Hakukataa. Alimshukuru fundi, akamwambia aweke themostati nyingine, akaenda kungoja nje.

Baada ya hapo hatukusimama tena. Tulipofika kwenye ule mwinuko Papa alishika usukani kwa mikono miwili na kuegemea mbele, na ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mshale uko wapi, Amoit?"

"Uko sawa, Papa."

Alikuwa akiitazama mikaratusi, halafu, "Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia. Uko sawa. Twende."

Naye alikwenda. Nilijivuna sana siku zile. Tulifika sokoni mapema, Mama alianza kuimba tena akipanga nguo, na mimi niliamini kwamba nilikuwa nimeponya gari.

Jumamosi moja ya likizo tulifika mapema kuliko siku zote. Mama alifurahi hata akaenda mwenyewe kumnunulia Papa chai. Papa alishusha robota la kwanza, akashusha la pili, akaketi juu yake na kuomba maji. Mama aliporudi alimkuta ameinamisha kichwa, kikombe cha maji niliyomletea kiko miguuni, hakijaguswa. Tulimwacha apumzike. Tulikuwa na wateja.

Hospitalini, tulikomfikisha akiwa ameshaaga, walisema ni moyo. Walisema ugonjwa ule haukuanza jana, kwamba mtu mwenye moyo kama ule huchoka kwa kila kitu, na huenda kwa miaka alikuwa hawezi kumaliza safari bila kutua. Mama aliwajibu kwamba mumewe hakuwahi kulalamika. Ni kweli, hakuwahi. Nilipokua ndipo nilipoelewa sababu. Miaka ile kwetu mpakani, mwanamume akianza kuchoka na kukonda, hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Watu walijijibu wenyewe kuwa ni ukimwi, wakanong'onezana, na mkewe akaanza kukwepwa sokoni. Papa alichagua kuitwa mvivu, na hata lile jina lingine la mpenda wanawake, ili kibanda cha Mama kisikose wateja. Mama bado yuko hai. Neno alilolisema pale gereji hatujawahi kulizungumzia, na sasa ni mzee mno, nami nimechoka mno, kuanza leo.

Lakini linaloniuma zaidi si neno la Mama. Papa alikuwa hajui kusoma geji? Aliiona vizuri tu, ilikuwa umbali wa mkono. Hakuwa akiniuliza habari za injini. Alikuwa ananiomba ruhusa ya kusimama, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Mara ya pili alipouliza kama nimeangalia vizuri, alikuwa ananisihi. Na mimi, mtoto mkweli, nilimwambia uko sawa, twende.

Mvuke wa lile lori ulikuwa umekwisha zamani. Dereva alikuwa ameshaongeza maji, ameweka kiganja juu ya kifuniko, na kiganja kilikuwa kimetulia pale bila kuungua. Foleni mbele yake ilianza kusogea. Alinitazama kwa yale macho mekundu, macho ya mtu ambaye hajalala tangu Mombasa.

"Madam," aliniuliza, "waonaje, imepoa?"

"Bado," nilimwambia, nikamsogezea nafasi kwenye jiwe. "Bado kabisa, boss. Kaa chini kidogo."