Dufu Halijapata Moto

Hafidha aliijaza fomu ya uhamisho akiwa amesimama, ameiegemeza kwenye ukuta wa ofisi, maana benchi lilikuwa limejaa wazazi waliowahi kufika. Aliandika polepole, kama alivyofundishwa darasa la tatu kule Kinole, herufi moja ikiingoja nyingine. Jina la mwanafunzi: Mwanahawa. Anatoka: Kinole. Anaingia: kidato cha tatu. Halafu kukawa na mstari wenye neno moja tu, na nukta nyingi mbele yake. Muziki. Hapo hakuwaza mara mbili. Akaandika: Dufu.

Karani aliipokea fomu, akaisoma kwa sauti huku anatafuna kalamu.

"Muziki... dufu." Akainua macho. "Mama, mwanao mwenyewe unamponda hivi?"

Benchi zima likacheka. Hafidha alichelewa kuelewa kinachochekwa. Kinole nako uji usiotiwa sukari ni dufu, na mtu asiye na mbele wala nyuma ni dufu, lakini huko hakuna anayechanganya maneno hayo mawili, kama vile hakuna anayechanganya paa wa porini na paa la nyumba.

"Siyo dufu hilo," alisema. "Dufu la kupiga. La kasida."

Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma yake, miaka kumi na mitano, mrefu kumpita mama yake kwa kichwa. Alilikumbatia dufu lake lililofungwa kwenye khanga, akatazama chini.

Walikuwa wameteremka kutoka mlimani wiki mbili zilizopita. Hafidha alipata meza sokoni Morogoro mjini, meza yake mwenyewe ya mdalasini na pilipili manga, baada ya miaka ya kuwapelekea wengine mzigo wauze wao. Wakapanga chumba Mwembesongo. Kuhama kwenyewe hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni Mwanahawa, ambaye kule Kinole ndiye aliyekuwa akianzisha kasida kila maulidi. Wanawake wa vitongoji vitatu walisubiri mkono wake uanguke ndipo nao waingie. Siku walipofunga mizigo binti hakulia wala hakununa. Alikaa tu kizingitini, anagongagonga goti kwa vidole viwili. Hafidha akaona, akamwahidi: "Nimekutoa kwenye dufu lako. Nitakutafutia shule ya kulipigia."

Ahadi hiyo aliitoa mbele ya kaka yake, Kibwana, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Kwao ukoo ni wa upande wa mama, na mtoto ana mjomba wake kabla hajawa na mtu mwingine. Kibwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa. Ijumaa ya wiki ya pili nateremka kuswali mjini. Nikikuta hamjapata hiyo shule yenu ya ngoma, mtoto anaingia shule ya kata kama watoto wenzake, na dufu narudi nalo Kinole. Lina kazi huku."

Leo ilikuwa Jumatano.

Shule hii ya ghorofa ndiyo aliyosifiwa na kila mtu sokoni. Ina chumba cha muziki, walimwambia, chenye vyombo ambavyo hata majina yake hawayajui. Mwalimu wa muziki, Wilfred, alitoka aliposikia kicheko. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Nani anapiga dufu hapa?"

"Mwanangu, Mwalimu."

"Haya, apige tusikie. Tusikae siku nzima."

Mwanahawa alilitoa dufu kwenye khanga, akapitisha kiganja juu ya ngozi, akamwangalia mama yake. Hafidha alijua lile jicho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ngozi ya mbuzi inakunywa unyevu kama kitambaa.

"Mwalimu, halijapata moto," alisema Hafidha. "Tungeomba hata jiko la wapishi, dakika chache tu. Ngozi ikaze."

"Mama, hapa hatupiki muziki. Chombo kilichokamilika kinapigwa muda wowote. Apige."

Binti akapiga. Dufu likatoa sauti kama mtu aliyepigwa kofi juu ya blanketi. Bwi.

"Dufu kweli!" alisema mzazi mmoja kwenye benchi, na safari hii hata karani alilazimika kuficha uso nyuma ya fomu.

Mwalimu Wilfred naye alitabasamu. "Usijisikie vibaya, binti. Lakini kusema kweli, kwa hapa na hilo dufu lako hufui dafu." Akamgeukia Hafidha, na sauti yake ikawa ya huruma, ambayo ilimchoma kuliko kicheko. "Mama, nafasi ipo moja. Tufanye hivi. Futa hilo neno, andika 'hana'. Aanze kinanda kuanzia mwanzo, kama mtoto ambaye hajawahi kugusa chochote. Ni rahisi kumfundisha asiyejua kuliko kumsahaulisha anayejua vibaya."

Akawapeleka kukiona chumba. Kweli kilikuwa na vyombo. Piano nyeusi, tarumbeta tatu ukutani, na vingine vyenye nyuzi ndani ya masanduku yao. Hafidha alisogea karibu. Mtu wa sokoni akiletewa mdalasini hatazami gunia, anatazama ncha za vijiti. Akaona nailoni iliyofunika piano, na juu ya nailoni vumbi, na kwenye vumbi alama ya paka aliyepita. Akaona tarumbeta zimefungwa kwa waya ukutani, na waya una kutu. Ubaoni kulikuwa na picha ya kinanda iliyochorwa kwa chaki, na meza za wanafunzi zote zilikuwa na vinanda vya kuchora kwa kalamu, vimefutikafutika kwa vidole.

"Hii inapigwa siku gani, Mwalimu?"

"Piano? Siku ya wageni. Na mahafali."

"Na siku nyingine watoto wanapiga nini?"

Mwalimu alijikohoza. "Wanajifunza nadharia kwanza."

Walirudi ofisini. Karani akamsogezea fomu, kalamu na kifutio. Hafidha aliishika ile kalamu. Alimwona mwanawe pembeni, vidole viwili vinagonga goti, taratibu, kama siku ile kizingitini. Nafasi ni moja, leo ni Jumatano, na kaka yake hana mchezo na maneno yake. Neno lenyewe herufi nne tu. Nani angejua?

Mwanahawa angejua.

"Siandiki 'hana'," alisema. "Anacho. Mmekiona."

"Mama, ni maandishi tu hayo," alisema karani.

"Ndiyo maana siyaandiki. Mimi nimeishia la saba, naandika machache, kwa hiyo ninayoyaandika yawe ya kweli." Akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye pochi. "Kwaheri Mwalimu. Huyo paka wenu anapiga piano kuliko watoto."

Walipokuwa nje Mwanahawa alitembea kimya mpaka kwenye kona, halafu akashika ukuta kwa kucheka. "Mama! Paka!"

"Nyamaza. Funika dufu, linalowa."

Lakini mwanawe alipocheka, naye alicheka, na walipomaliza kucheka hofu yake ilikuwa bado ipo palepale.

Alhamisi walizunguka shule tatu kwa miguu. Ya kwanza haikuwa na somo la muziki. Ya pili ilikuwa nalo kwenye karatasi, mwalimu alihama. Ya tatu mlinzi aliwaambia muziki unafundishwa, ndiyo, lakini Mwalimu Felista yuko kwenye mazishi, waje kesho asubuhi.

Kesho ikawa ndiyo Ijumaa, na Kibwana akawahi. Saa mbili alikuwa mlangoni Mwembesongo, amevaa kanzu, ana mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo mjomba," alisema Mwanahawa.

"Marahaba. Shule?"

"Tunaenda sasa hivi, kaka," alisema Hafidha.

"Kwa hiyo hamna."

"Ijumaa haijaisha."

Kibwana alitua mkungu. "Nimesikia ya juzi. Mji huu mdogo, watu wa sokoni wana midomo. Umepewa nafasi kwenye shule ya ghorofa, ukaikataa kwa sababu ya neno. Una kichwa kama cha mama. Na isitoshe mimi hilo jambo la muziki silielewi. Kasida ni kumsalia Mtume. Huko shuleni atapigia nini? Disko?"

"Kaka, fremu ya hili dufu nani alichonga?"

Kibwana akalitazama dufu.

"Mti wa mfenesi, ulikata wewe. Ngozi ulivuta wewe, siku mbili, ukaumia kidole gumba. Alikuwa na miaka saba. Ulimwambia nini? Ulimwambia, 'Piga mpaka ng'ambo wasikie.' Sasa kafika ng'ambo, unataka anyamaze?"

"Nilimaanisha ng'ambo ya mto."

"Hukutaja mto."

Mwanahawa aligeuka kuangalia ukuta ili mjomba asimwone anavyojizuia. Kibwana aliangalia saa. "Mchana naswali. Nikitoka msikitini nakupigia simu. Ukiniambia hamna, dufu lipo tayari kwenye khanga, nalichukua."

Walingoja zamu yao kwenye ile shule ya tatu mpaka saa sita. Chumba chake cha muziki kilikuwa stoo ya zamani ya mahindi, na bado kilinuka mahindi. Kulikuwa na kinanda kimoja cha umeme ambacho vitufe vyake vitano vilikuwa havipo, gitaa lenye nyuzi nne, na ngoma mbili. Lakini vyote vilikuwa vimechakaa pale panaposhikwa. Hafidha aliona hilo kabla hajasalimia.

Mwalimu Felista alikuwa mama mnene kutoka Matombo, mwanakwaya, na uso wake ulikuwa bado na uchovu wa mazishi. Hakucheka aliposoma fomu ile ile iliyokunjwa mara mbili. Wala hakufurahi.

"Nikuambie ukweli, Mama Mwanahawa. Dufu silijui. Mimi wa kanisani, nimekulia kwenye kinanda. Na kwenye mtihani halimo, mtihani unataka nota. Nina nafasi mbili na waombaji kumi na mmoja. Nikimchukua asiyejua nota nitaulizwa."

"Ukiulizwa nitakuja kujibu mimi," alisema Hafidha. "Msikilize kwanza."

Mwalimu alimtazama muda kidogo. "Haya binti. Piga."

Mwanahawa alipitisha kiganja juu ya ngozi. Nje kulikuwa na mawingu, mlima wote umefunikwa. Safari hii hakumwangalia mama yake.

"Samahani Mwalimu," alisema mwenyewe. "Halijapata moto. Silipigi hivi."

Mwalimu Felista akakuna shavu.

"Linahitaji moto kiasi gani?"

"Mpaka lianze kuita."

"Basi twende jikoni."

Wakaenda, wote watatu. Mpishi wa shule alikuwa anakoroga maharage, akasogea bila kuelewa. Mwanahawa alilishika dufu juu ya kuni, analizungusha kama mtu anayepasha chapati, anagusa kwa ukucha, anasikiliza, anazungusha tena. Mwalimu naye alisogeza sikio. Ti, ilisema ngozi. Ti. Tin.

"Tayari," alisema Mwanahawa, akapiga.

Mpishi aliacha mwiko ndani ya sufuria. Lilikuwa pigo lile lile la Kinole, la kufungulia, zito katikati na kali pembeni, na kati ya mawili hayo kuna pengo ambalo wanawake wa vitongoji vitatu walizoea kuingilia. Mwalimu Felista alianza kuhesabu kwa kidole pajani. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikapotea. Akaanza upya. Kikapotea tena, mahali palepale.

"Ngoja, ngoja. Hapo kwenye pengo unahesabu nini?"

"Sihesabu, Mwalimu. Navuta pumzi."

Mwalimu aliomba dufu, akajaribu. Mpishi akacheka waziwazi. Akajaribu tena, akabwaga mikono.

"Basi mimi ndiye sifui dafu," alisema, na Hafidha akashtuka, maana hakuna aliyemwambia habari za juzi. "Sikia binti. Nitakufundisha nota, na utasoma kweli, sitaki uvivu. Na hili pengo lako utanifundisha mimi mpaka niweze kuliandika ubaoni. Na wenzako wote."

"Kwa dufu moja?" aliuliza Mwanahawa.

"Tutahitaji mengine manane," alisema Mwalimu, "ila fundi simjui."

Hafidha alikuwa ameshaichukua fomu, anainyoosha juu ya meza ya jikoni, katikati ya vitunguu. Pale kwenye Muziki, neno lake lilikuwa limefifia kwa mikunjo. Akaliandika tena juu yake, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Simu iliita walipokuwa getini.

"Enhe," alisema Kibwana. Nyuma yake kulisikika watu wanatafuta viatu vyao. "Nije kulichukua?"

"Huji kulichukua, kaka. Unaenda kutafuta ngozi. Shule inataka mengine manane, na mimi nimeshasema fundi ninaye."

"Umesema nini? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mtu aliyesema ng'ambo wasikie."

Kibwana alifoka. Alisema yeye si fundi wa shule, alisema mti wa mfenesi haukatwi ovyo, alisema dada yake atamtia aibu siku moja. Hafidha aliiweka simu mbali kidogo na sikio, akasubiri. Mbele yake Mwanahawa alikuwa anatembea huku anapiga, bila khanga, kabla ngozi haijapoa.

"Hilo ndilo?" aliuliza Kibwana ghafla. "Linasikika mpaka huku."

"Ndilo."

Sauti ya Kibwana ikashuka.

"Manane umesema," alisema. "Ya watoto, au ya watu wazima?"