Umekula, Mpenzi Wangu?

Jamani, hapa Moshi ofisini nakaa peke yangu, na nyumbani vilevile. Juzi nilipewa faili kubwa la kompyuta, la aina ya XML, lenye namba za simu za wakulima wa kahawa, niwatumie tangazo la mkutano. Programu niliyozoea ikagandisha kompyuta, nikaandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya kompyuta ya Python, inayosoma faili kidogo kidogo na kutuma ujumbe kwa kila namba. Nikaijaribu kwa namba yangu: "Umekula, mpenzi wangu?" Hakuna anayeniulizaga hivyo. Ujumbe ulipoingia nikatabasamu kama mjinga. Kwa furaha nikaiachia isome faili zima na kuwatumia wote, nimesahau kubadilisha maneno.

Mara mama mmoja akapiga simu kutoka Kibosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekula, mwanangu. Ila mzee wangu hapa anauliza wewe ni nani."